Meno ya Juu ya Ndugu Yangu Anastasi

Mimi nilipokuwa mtoto, Temeke bado ilihesabiwa kuwa shamba. Nyumba za udongo na makuti zilisimama mbalimbali katikati ya mihogo na mikorosho, njia zilikuwa za mchanga uliounguza nyayo, na mtu aliyesema anakwenda mjini alioga kwanza. Waingereza ndio waliotawala, lakini huku kwetu hatukuwaona isipokuwa mara mojamoja, gari linapita na vumbi lake. Tulichokiona kila siku ni sisi kwa sisi, na tulijuana kupita kiasi. Aliyekohoa chumba cha mwanzo alipewa pole na wa chumba cha mwisho.

Nasema hivi ili anayesoma aelewe jinsi jambo dogo kama meno ya mtoto mchanga lilivyoweza kutuvuruga. Sasa mimi ni mzee, nimezika wengi na nimesamehe mengi, lakini hilo nikilikumbuka damu bado inanichemka. Kinachonikera zaidi ni kwamba sina wa kumkasirikia. Karibu wote waliotuumiza walikuwa watu wema.

Tulipanga chumba kwa Bi Tatu, mjane wa Kizaramo, Mwislamu aliyeshika sala zake zote na ambaye hakuweza kupika chungu cha samaki bila kupeleka bakuli kwa kila mpangaji. Sisi tulikuwa Wakatoliki wa kutoka Mahenge. Baba yangu, Kasiani, alikuwa seremala. Kazi yake ilikuwa Kurasini, kuezeka na kukarabati maghala karibu na bandari, na jioni alitengeneza milango, vitanda na majeneza ya majirani pale uani. Bi Tatu alimpenda sana. Alikuwa akimwambia, "Kasiani, wewe ungezaliwa Pwani ungekuwa mtu kamili," na baba alicheka mpaka akaweka randa chini.

Ndugu yangu alizaliwa juma la Pasaka. Mama alikuwa amezika watoto wawili kati yangu na yeye, wote wachanga, kwa hiyo alipozaliwa huyu akiwa mzima, analia kwa nguvu, baba alikwenda kumwuliza padri jina linalofaa. Akarudi na jina Anastasi. Padri alimwambia maana yake ni ufufuko. Majirani hawakuliweza, wakamwita Tasi, lakini baba alilitamka lote kila mara, taratibu, kama mtu anayepima ubao.

Bibi, mama yake mama, alikuja kutoka Mahenge kumlea. Alisafiri kwa lori na garimoshi, akafika amevimba miguu, akachukua mtoto kabla hajanywa maji. Hizo zilikuwa siku nzuri. Mimi nilikuwa dada mkubwa, nilimbeba Tasi kwa mbeleko nikimzungusha nyumba hadi nyumba, na kila mlango niliopita mtu alitoka kumbana mashavu.

Kisha meno yakaota.

Ni Bi Tatu aliyeyagundua, mchana, anamlisha uji chini ya upenu. Mtoto alikuwa anang'ata kijiko. Bi Tatu akampitisha kidole kwenye ufizi, akakitoa haraka.

"Mama Vero," akamwita mama yangu, "hebu njoo umtazame mwanao kinywa."

Mama alikuwa anafua. Akaja anajifuta povu mikononi, uso umemchangamka. "Limeota? Baba yake atafurahi!"

"Limeota juu."

Mama akainama akatazama. "Na chini je?"

"Chini hamna kitu, mwanangu. Hamna."

Wanawake waliokuwa uani wakatazamana. Mmoja wao, ambaye mtoto wake alikuwa anacheza karibu na miguu ya Bi Tatu, alimnyanyua mwanawe akaingia naye ndani, akarudisha mlango. Mimi sikuelewa kitu. Niliona tu kwamba Bi Tatu alikuwa bado amempakata Tasi, lakini mikono yake ilikuwa imelegea, kama mtu aliyepewa kitu ashike kwa muda na mwenyewe hajarudi.

Wakati ule mtoto aliyeanza kuota meno ya juu aliitwa kigego. Watu wa Pwani waliamini kwamba kigego ni balaa, kwamba meno yake yanaelekea chini, ardhini, yanachimba, na atawamaliza wa kwao mmoja mmoja. Nilikuja kusikia kwamba zamani za mababu watoto wa namna hiyo hawakuachwa waishi. Enzi zetu hayo hayakufanyika tena, au hayakusemwa, lakini hofu ilibaki palepale. Na haikuwa ya Pwani peke yake. Jioni ile nilimkuta bibi nyuma ya nyumba, ameketi juu ya kinu kilichopinduliwa, analia bila sauti.

"Bibi, unaumwa?"

"Kwetu pia," alisema, "kwetu pia ni hivihivi." Akamtazama mama, ambaye alikuwa amenifuata na mtoto mgongoni. "Mwanangu, mimi ni mbatizwa kama wewe. Lakini nimeona. Ataanza na baba yake. Siku zote huanza na baba."

Baba alipopata habari alichezea patasi kidogo, halafu akasema kwa adabu, maana alikuwa anamheshimu sana mkwewe, "Mama, nimetengeneza majeneza mengi hapa Temeke. Wote waliolala humo, watoto wao waliota meno ya chini." Kisha akamchukua Tasi, akamtazama kinywani, akamwambia, "Anastasi, umewahi kazi ya kung'ata." Lakini mimi nilikuwa namtazama baba, na niliona kwamba alipomaliza kucheka kidole chake kilirudi tena kwenye mdomo wa mtoto, kikagusa lile jino polepole.

Bi Tatu alikuja kesho yake na shauri. Kulikuwa na mganga upande wa Vingunguti aliyejua kuwazingua watoto kama hao, kuwaondolea balaa. Kazi yenyewe ni kuku mweupe, fukizo, na maneno machache. "Kuku natoa mie," akasema. "Na njia nakupeleka mie. Hutapata taabu yoyote, Mama Vero. Sie tutakaa kwa amani, na mtoto atakaa kwa amani."

"Bi Tatu, nakushukuru kwa moyo wako," mama alisema. "Lakini huyu amekwisha kubatizwa. Nikimpeleka kule ni kama namwambia Mungu hakumwosha vizuri."

"Sijasema umwache Mungu wako."

"Najua hujasema."

Bi Tatu aliinuka akaenda zake. Hakugomba. Ingekuwa afadhali angegomba.

Kuanzia hapo maisha ya ua yalibadilika, na ugumu wake ulikuwa huu: hakuna aliyetutendea jambo ambalo ungeweza kulishtaki. Nikifika kisimani na debe langu, wengine walikumbuka kwamba wana haraka. Bakuli la samaki liliendelea kuletwa, ila sasa liliwekwa kizingitini na aliyelileta alikwisha kuondoka. Wenzangu wa kucheza nao walikuwa wananiita vizuri tu, "Vero, njoo!" halafu wanaongeza, "Lakini usije na mdogo wako." Na kwa kuwa kumbeba mdogo wangu ndiyo kazi yangu, sikwenda. Kuku wa mtu akifa kwa mdondo, kigego. Mtungi ukipasuka, kigego. Mpangaji mmoja alipigwa na homa, ile homa iliyompiga kila mwaka wakati wa mvua, na mkewe akapita mbele ya mlango wetu akitema mate kando.

Nilichoka. Nilikuwa mtoto, nilitaka kucheza. Siku moja nikamwambia mama, nikiwa nimejaa machozi ya hasira, "Si kuku tu, mama? Si moshi tu? Mpeleke, wamfukize, yaishe!"

Mama alikuwa anapepeta mchele. Aliendelea mpaka nikadhani hajanisikia. Kisha akasema, "Wakishamfukiza, watakuwa wamekubaliana wote kwamba alikuwa na kosa. Na mimi nitakuwa nimekubaliana nao. Atakua nalo, Vero. Mtu mzima na ndevu zake, watu wanasema, yule ndiye aliyefukizwa."

Sikuridhika. Niliona mama ana kichwa kigumu, na kwamba anatumia dini kuficha ukaidi wake. Hata leo sijui kama nilikosea kabisa. Mama alikuwa mkaidi. Watu wakisimulia habari za imani huwa wanawafanya wenye imani kuwa wapole kama mishumaa, nami hukereka, kwa sababu mwenye imani niliyemjua alikuwa mwanamke wa kununa na kujibu mkato, aliyekwenda kisimani kichwa juu makusudi, wakati wengine wako wengi, na mtoto mgongoni.

Mvua za vuli zilipoanza, baba alianguka.

Walikuwa wanabadilisha mabati ya ghala Kurasini. Paa lilikuwa limelowa, na msimamizi, Mzungu mmoja ambaye jina lake sikuwahi kulijua, hakutaka kazi isimame kwa sababu shehena ilikuwa ndani na inaingiwa na maji. Baba aliteleza akaanguka chali juu ya sakafu ya saruji. Mwenzake ndiye aliyekuja kutuambia, akikimbia tangu huko, na aliposimama uani hakuweza kusema. Alikuwa ameshika mfuko wa zana za baba. Bi Tatu alitoka, akauona ule mfuko, akakaa chini pale alipokuwa.

Tulimkuta hospitali ya serikali, katika wodi ya Waafrika, amelala juu ya ubao kwa sababu mgongo ulikuwa umevunjika. Hakufa upesi. Alikaa siku kadhaa, akili yake nzima, miguu hana. Mama alikwenda kila asubuhi na kurudi jioni kwa miguu, Tasi mgongoni. Nilikwenda naye siku ya mwisho bila kujua kuwa ni ya mwisho. Baba aliomba mtoto alazwe kifuani pake. Tasi akamshika pua, akacheka na yale meno yake mawili ya juu yakaonekana, na wagonjwa wa jirani wakatazama kando.

"Wanasemaje huko nyumbani?" baba aliuliza.

"Usijali wanachosema," mama alimjibu.

"Wanasema ni yeye."

Mama akamfuta jasho.

"Lilikuwa bati limelowa," baba akasema. "Nililikanyaga mimi, kwa mguu wangu. Uwaambie." Akapumzika kidogo, maana kusema kulimchosha. "Na mumwite jina lake lote."

Alifariki kesho yake kabla ya adhuhuri.

Sasa nifike mahali ambapo mimi mwenyewe, mtoto, nilikwama. Bibi alikuwa amesema. Alisema ataanza na baba, na ameanza na baba. Mtu aweza kunieleza leo habari za mabati na mvua, na mimi naweza kumweleza mwingine, lakini kwa mtoto aliyesikia neno likitamkwa juu ya kinu na kuliona likitokea, maelezo hayo yalikuwa mepesi mno. Nilimtazama Tasi akitambaa kwenye mkeka katikati ya waombolezaji, kila mmoja akivuta kanga yake asiguswe, nami nikajisikia baridi. Bibi hakujivunia. Aliketi kona na mikono kichwani akirudia, "Heri ningenyamaza. Heri ningenyamaza mie."

Na mama alilia. Nataka niliseme hili wazi, kwa sababu baadaye kanisani walimsifu eti hakutoa chozi. Si kweli. Alilia kwa sauti iliyofika barabarani, akajigaragaza, akamwita Kasiani kwa jina ambalo wake hawawaiti waume zao mbele za watu. Walimshika watatu.

Maseremala wenzake walitengeneza jeneza palepale uani, kwa mbao alizokuwa ameziweka baba kwa ajili ya kitanda cha mtu. Walipokuwa wanapiga misumari, Bi Tatu alikuja kukaa karibu na mama. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mama Vero, ua huu ni wako. Lia utakavyo, kaa utakavyo. Mie nimefiwa na mdogo wangu. Lakini nakuomba jambo moja tu. Kule makaburini mtoto asiende. Abaki na mtu."

"Kwa nini?"

"Unajua kwa nini. Kigego hatazami kaburi lililo wazi. Akilitazama amelifungua, litaita wengine. Wanawake wote wamesema, akienda yeye hawaendi wao."

Baadaye kidogo akaja katekista wetu, Mwalimu Klementi. Huyu ndiye aliyetufundisha watoto sala na kanuni ya imani, fimbo mkononi, na aliyetukosesha chakula cha mchana mtu akikosea neno. Nilifurahi kumwona. Niliwaza, sasa amekuja mwenye kujua, atawaambia watu hawa. Akatoa pole, akasali, kisha akamvuta mama kando, karibu na mlango niliposimama.

"Mama Veronika," akasema kwa sauti ya chini, "nimesikia habari za mtoto. Sisi hatuamini mambo hayo, bila shaka. Lakini kwa ajili ya amani, ili watu wasikwazike, ingekuwa busara abaki nyumbani. Ni mtoto mdogo. Hatajua."

Mama alimtazama. Kope zake zilikuwa zimevimba kwa kilio. "Mwalimu, wewe huamini?"

"Siamini."

"Basi mbebe."

Akafungua mbeleko pale pale, akamtoa Tasi mgongoni, akamnyoshea. Mwalimu Klementi alirudi nyuma hatua moja. Nadhani haikuwa kusudi lake. Miguu ilirudi yenyewe. Wakabaki hivyo, mama amemshika mtoto mbele, katekista ameshika kitabu chake cha sala, na mtoto akirusha miguu hewani akidhani ni mchezo.

"Kila Jumapili unatusimamisha tunasema tunasadiki ufufuko wa miili," mama akasema. Hakupaza sauti. "Nimezika watoto wawili nikisema hivyo. Sasa namzika baba yao. Kama Kristo ametoka kaburini, mwalimu, basi mtoto wa kunyonya atalifungua la nani? Na kama hakutoka, niambie leo, nimpeleke mwanangu Vingunguti. Bi Tatu anatoa kuku."

Mama akamfunga mtoto tena mgongoni, akaingia ndani kuvaa.

Tulikwenda alasiri, mvua imekatika, jua linaunguza na ardhi inatoa mvuke. Jeneza lilibebwa na maseremala kwa kupokezana. Wanawake wa ua walitoka nyumbani pamoja nasi, lakini walipoona mgongo wa mama walianza kupunguza mwendo, na kila njia panda walipungua, mpaka tukafika makaburini wanaume tu, mama, bibi na mimi. Wanaume nao walisimama mbali kuliko ilivyo desturi. Padri alikuwa safarini, kwa hiyo ni Mwalimu Klementi aliyesoma sala, na alizisoma haraka, macho yasitoke kitabuni.

Jeneza liliposhushwa, mama akamhamisha Tasi kutoka mgongoni kumleta mbele. Nikasikia wanaume wakivuta pumzi. Nilikuwa nimeshika kanga yake, na ndiyo maana najua jambo ambalo wengine hawakulijua: mama alikuwa anatetemeka. Alitetemeka mwili mzima, mpaka kanga ikawa inanitikisa mkono. Akasogea mpaka ukingoni. Udongo uliolowa ukamomonyoka kidogo chini ya mguu wake, mtu mmoja akasema "Yesu!" naye akarudisha mguu, akasimama vizuri.

Akamwinamisha mtoto, atazame.

"Baba yako huyo," akamwambia. "Amelala. Atakapoamka utamwona, naye atakuona. Muage."

Akachota udongo, akautia katika kiganja cha Tasi, akakifumbua. Udongo ukaanguka juu ya ubao. Hakuna aliyesogea. Palikuwa kimya kiasi cha kusikia nzi, na mama yangu amesimama peke yake na mtoto wake kama mwenye ukoma, na katekista wake yuko upande wa pili wa kaburi, na mimi nikawachukia wote, nikamchukia na yeye kwa kutupeleka mahali pale.

Ndipo bibi akaenda. Bibi, aliyesema ataanza na baba, ambaye aliamini kutoka utosini hadi nyayoni kwamba atakayesimama karibu ndiye atakayefuata. Uso wake ulikuwa umegeuka rangi ya majivu. Alitembea na miguu yake iliyovimba, akasimama bega kwa bega na mama, akachota udongo, akaumwaga, na mkono mwingine akauweka juu ya kichwa cha Tasi. Alikuwa amefumba macho kama mtu anayesubiri kupigwa.

Ningependa kusimulia kwamba baada ya siku hiyo watu walitubu, au walau waliona haya. Hawakutubu. Baada ya matanga Bi Tatu alitwambia, huku analia, kwamba wapangaji wamesema tusipohama watahama wao. Mwenye paa la ghala hakutwambia lolote. Tulihamia Kinondoni, wakati huo minazi na vichaka, tukajengewa kibanda na maseremala rafiki za baba, na mama akafua nguo za Wazungu na kuzipiga pasi ya mkaa mpaka vidole vikakunjamana. Bibi alirudi Mahenge, na kabla ya mwaka kwisha tukapata habari kwamba amefariki. Alikuwa mzee na moyo wake ulikuwa umechoka. Lakini habari ilifika Temeke kabla ya kutufikia sisi, na Temeke walitikisa vichwa. Si mmeona?

Hapo ndipo penye uchungu wangu wote. Imani ya majirani zetu ilipata ushahidi kila siku. Kuku, mtungi, homa, baba, bibi. Lolote lililotokea liliingia upande wao, na ambalo halikutokea hakuna aliyelikumbuka. Imani ya mama haikupata ushahidi hata mmoja. Ilisubiri siku ambayo hakuna aliyekwisha kuiona. Niliomba miaka mingi, kwanza kwa kitoto na baadaye kwa utu uzima, ishara moja tu ndogo ya kuwafunga midomo, na sikupewa. Tasi alikua, akaoa, akazaa, akaishi kama watu wengine, lakini mtu kuishi kama watu wengine si ishara kwa yeyote.

Nilipokuwa nimekwisha kuolewa, nami nimempoteza mtoto wangu wa kwanza, nilimwendea mama Kinondoni. Nilikuwa na hasira, natafuta wa kuimwagia. Alikuwa ananyosha shati. Nikamwuliza jambo nililolibeba tangu utoto.

"Siku ile ya baba. Wewe hukuogopa kabisa?"

Akaiweka pasi juu ya kibati chake. "Niliogopa kuliko wote waliokuwa pale. Mimi nimezaliwa Mahenge, Vero. Hayo ya meno nimeyanyonya. Mama yangu aliposema ataanza na baba, mimi nilisadiki. Usiku nilikuwa namtazama yule mtoto mpaka kunakucha."

Nilishangaa. "Sasa kwa nini ulimpeleka?"

"Kwa sababu ya baba yako. Nilifikiri hivi: mtu huyu nitaonana naye tena. Si mzimu, yeye mwenyewe, na miguu yake. Na kitu cha kwanza ataniuliza, siku ile mliponizika, Anastasi alikuwa wapi? Nitamjibu nini? Kwamba nilimficha kwa majirani, kwa sababu ya meno?" Akatikisa kichwa. "Hofu ya Bi Tatu ningeweza kuivumilia, na yangu pia. Lakini kuonana naye na jibu hilo mdomoni, hapana."

Akaichukua pasi, akaendelea na shati.

Nimelifikiri jibu hilo kwa miaka mingi. Sikupata faraja niliyoifuata siku ile, na sitadai kwamba naipata kila nikilikumbuka. Mwalimu Klementi alijua mafundisho yote ya ufufuko na miguu yake ikarudi nyuma. Mama alijua kidogo, na nusu ya moyo wake iliamini mambo ya kigego, lakini alikuwa na mtu anayemtarajia. Mateso yake hayakupungua kwa hilo hata kidogo. Alifukuzwa, alifua nguo za watu mpaka uzee, alimkosa mumewe kila jioni. Ila alipata mahali pa kuweka mguu akaweza kusimama, nami nimeishi muda wa kutosha kujua kwamba wengi hawapati hata hapo.

Mimi bado nauliza na bado nanung'unika. Mwanangu wa kwanza aliishi muda mfupi sana, sikupata hata kumfahamu vizuri. Siku nyingine naamini kwamba nitamwona, siku nyingine naona ni maneno tu. Lakini nimegundua kwamba siku zile ninazoamini huwa najitayarisha, bila kujua, nikipanga nitakachomwambia.